Ukurasa wa Afya: Tohara Yetu na UKIMWI



  Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na maradhi ya sukari. Tunaomba radhi, kwani tumeletewa suala ambalo tumeona si vyema kulichelewesha.

Mama mmoja, jirani yetu, alitusimamisha mbele ya duka la vitambaa baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, anakwenda Mombasa kukaa na ami zake kwa mwaka mzima. Mama alitaka kumkalisha kijana amweleze khabari za UKIMWI, lakini mumewe akamkataza. "Mwache mtoto," alisema baba. "Huyu katahiriwa tokea mdogo, na madaktari wenyewe wamekwisha sema kuwa aliyetahiriwa hapati." Mama akatuuliza: je, ni kweli madaktari wamesema hivyo?

Maneno ya baba huyu si mageni kwetu. Tumeyasikia barazani, tumeyasikia katika harusi, na tuseme kweli, baadhi yetu tumewahi kuyatamka wenyewe. Yamo ndani yake mambo ya kweli, na hilo ndilo linaloyapa nguvu. Basi tumeona tueleze tokea mwanzo ni jambo gani hasa waliloligundua watafiti, na ni lipi tuliloliongeza sisi wenyewe. Tutazungumza kwa heshima, lakini hatutaficha, na tunawaomba radhi wazee wetu ikiwa neno litatutoka lisilozoeleka katika ukurasa huu.

Khabari hii ilianza kudhihiri katika miaka ya 1980. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Canada, waliwafuatilia wanaume waliofika katika kliniki ya maradhi ya zinaa mjini Nairobi baada ya kwenda kwa makahaba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989. Wale ambao hawakutahiriwa, na wale waliokuwa na vidonda katika sehemu za siri, waliambukizwa virusi kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Kisha ikaja khabari ya Rakai. Rakai ni wilaya ya kusini mwa Uganda, inayopakana na mkoa wetu wa Kagera, na ni katika sehemu za mwanzo kabisa za Afrika ya Mashariki zilizopigwa na maradhi haya, wakati ule wenyeji wakiyaita "Slim" kwa namna yalivyomkondesha mtu. Huko waliweka kambi watafiti wa Uganda na wa Marekani, wakawa wakiwatembelea watu vijijini mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwa watu wa Rakai wamo Waislamu, nao hutahiri watoto wao kama tufanyavyo sisi. Watafiti wakaona kuwa kwa wanaume wa Kiislamu maambukizo yalikuwa machache kuliko kwa majirani zao. Mwaka 2000 walichapisha utafiti wa wanandoa 415 ambao mmoja wao alikuwa na virusi na mwenzake hana. Katika wanaume 50 waliotahiriwa, ambao wake zao walikuwa na virusi, hakuambukizwa hata mmoja. Katika wanaume 137 wasiotahiriwa waliambukizwa 40.

Hapo ndipo wengi wetu tungelisema Alhamdulillahi na kulifunga daftari. Watafiti hawakulifunga, na kwa maoni yetu walitenda haki. Walijiuliza: Mwislamu huyu wa Rakai, ni tohara iliyomlinda, au ni kule kutokunywa pombe? Au ni kuoga kwake josho? Au ni kwamba anaoa katika jamii yake ndogo ambayo maradhi hayajaenea? Mtu aliyetahiriwa kwa ajili ya dini yake hawezi kulijibu suala hili, kwa sababu tohara na mwenendo kwake vimekwenda pamoja tokea utotoni. Ukiona mwenye mwavuli amefika nyumbani hakurowa, hujui bado kama ni mwavuli uliomsitiri au mvua haikunyesha katika njia aliyopita.

Njia ya kuyatenganisha mambo haya ni moja tu, nayo ni kura. Huchukuliwa wanaume wazima ambao hawakutahiriwa, wasio na virusi, nao wakakubali kwa khiari yao. Hupigwa kura. Nusu yao hutahiriwa mara moja na nusu ya pili huambiwa wasubiri miaka miwili, kisha nao watatahiriwa wakipenda. Makundi yote mawili hupewa nasaha sawa, kondomu sawa na matibabu sawa ya maradhi ya zinaa. Kwa kuwa ni kura iliyowagawa, walevi na wacha Mungu, wasafiri na wakulima, huangukia pande zote mbili kwa wastani ulio sawa. Kinachobaki kuwatenganisha ni tohara peke yake.

Utafiti wa namna hiyo ulifanyika sehemu tatu. Wa mwanzo kutoa matokeo, mwaka 2005, ulikuwa wa Orange Farm, Afrika ya Kusini. Wa pili ulikuwa Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, miongoni mwa Wajaluo. Wao hawana mila ya kutahiri. Alama yao ya zamani ya kuingia utu uzima ilikuwa ni kung'oa meno ya chini ya mbele. Uliongozwa na Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, pamoja na wenzake wa Nairobi na Manitoba, nao ulianza kuwaandikisha watu mwaka 2002. Wa tatu ulikuwa Rakai kwenyewe, ukiongozwa na Ronald Gray wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na madaktari wa Uganda, akiwemo David Serwadda wa Makerere.

Tarehe 12 Desemba 2006 bodi ya wasimamizi ilizitazama hesabu za Kisumu na Rakai ikaamua kuwa kura isimamishwe, kwani ingekuwa ni dhuluma kuliacha kundi la pili likisubiri. Hesabu zilichapishwa mwezi wa Februari 2007, nasi tunaziandika kama zilivyo.

Kisumu waliingia vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Baada ya miaka miwili, katika kundi lililopangiwa kungojea waliambukizwa 47. Katika kundi lililopangiwa kutahiriwa waliambukizwa 22. Rakai waliingia wanaume 4,996 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika kundi la kungojea waliambukizwa 45, na katika kundi la kutahiriwa 22. Orange Farm palikuwa na wanaume 3,274, na hesabu zake zilikuwa 49 kwa 20.

Hiyo ndiyo asili ya ile "asilimia sitini" inayotajwa kila mahali. Shirika la Afya Duniani pamoja na UNAIDS walitangaza mwezi wa Machi 2007 kwamba tohara ya wanaume iongezwe katika njia za kujikinga, na tokea hapo mamilioni ya wanaume wametahiriwa katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Sababu ya kimwili nayo inafahamika. Ngozi ya ndani ya govi ni laini na ina chembechembe nyingi ambazo virusi huzitafuta ili viingie mwilini. Ngozi hiyo ikiondoka, mlango mmoja mkubwa umefungwa.

Basi baba wa kijana wetu amesikia kweli. Madaktari wamesema jambo. Lakini tumtake arejee katika hesabu. Vijana wale 22 wa Kisumu walikuwa katika kundi la tohara. Wanaume wale 22 wa Rakai pia. Hawakupata maradhi kwa sababu ya kukosa tohara. Waliyapata juu ya kuwemo katika kundi lake, pamoja na nasaha zote na dawa zote walizopewa.

Na ile asilimia sitini tuifahamu vyema. Haina maana kwamba katika wanaume kumi sita wamekingwa maisha yao yote. Maana yake ni kuwa pale ambapo, katika muda fulani, wangeliambukizwa kumi, huambukizwa wanne au watano. Muda ukirefuka, na khatari ikiendewa mara kwa mara, hesabu nayo hupanda. Ni kama paa la makuti lililochakaa: mvua ya kupita utajisitiri, lakini ukikaa chini yake masika yote utarowa tu.

Jambo jengine halisemwi barazani hata kidogo, nalo linawahusu mama zetu na dada zetu. Hesabu zote tulizozitaja ni za mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Je, mwanamume mwenye virusi aliyetahiriwa hamwambukizi mkewe? Watafiti wa Rakai waliliuliza suala hilo pia, wakachapisha jawabu mwaka 2009. Waliwachukua wanaume wenye virusi, wakawatahiri kwa kura, wakawafuatilia wake zao wasio na virusi. Kwa waliotahiriwa, waliambukizwa wake 17 katika 92. Kwa wasiotahiriwa, 8 katika 67. Idadi hizi ni ndogo, na hazitoshi kusema kuwa tohara ilizidisha madhara, ijapokuwa watahiriwa waliorudia kitendo cha ndoa kabla ya kidonda kupona walitiliwa shaka. Lakini zilitosha kuusimamisha utafiti, kwa kuwa hapakuonekana faida yoyote kwa mke. Mke wa Kiislamu, ambaye mumewe husafiri akarudi, hakingwi na tohara ya mumewe. Tungependa sentensi hii isomwe mara mbili.

Faida ambayo mke ameipata ni nyengine. Kuna kirusi kiitwacho HPV, ambacho baadhi ya aina zake ndizo zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi. Watafiti hao hao wa Rakai walionesha mwaka 2011 kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walikuwa na aina hizo mbaya kwa kiasi cha 28 katika kila 100, na wake wa wasiotahiriwa 39 katika kila 100. Ni nafuu, tena nafuu ya kushukuriwa, lakini 28 si sifuri. Kwa hiyo kina mama waendelee kuchunguzwa shingo ya kizazi kama kawaida, na wasichana wapewe chanjo pale inapopatikana.

Wala asije mtu akayavuta maneno haya upande wa watoto wa kike. Yote tuliyoyaandika ni ya wanaume. Kumkata msichana hakuna faida hii wala faida nyengine yoyote ya afya iliyopata kuonekana, na madhara yake yanajulikana.

Sasa tugeukie nyumbani. Zanzibar, ambako takriban kila mwanamume ametahiriwa, wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1986, na tokea wakati huo kiwango cha maambukizo kwa watu wa kawaida kimebaki chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Huenda tohara imechangia. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006 miongoni mwa watumiaji wa dawa za kulevya huko Unguja ulionesha kuwa, kwa wale wanaojidunga, zaidi ya robo walikuwa na virusi. Vijana hao ni Waislamu watoto wa Waislamu, wametahiriwa kama sisi. Sindano iliyopita katika mshipa wa mwengine haisimamishwi na tohara, na hupitisha pia virusi vya homa ya ini vya aina ya B na C. Khabari ya unga haituhusu sisi tulio Ghuba? Tunawajua wazazi waliowarudisha watoto wao Unguja au Mombasa kwa sababu ya utundu wa hapa, na mtoto akakutana na mambo mazito zaidi kule. Ikiwa yumo katika familia kijana aliyekwisha ingia, basi tokea mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya kunywa inayomwondolea mtu haja ya kujidunga. Ni bora kuliko kumfungia chumbani.

Na kwa kuwa tumetaja damu, wale wanaopiga hijama majumbani wafahamu kuwa wembe ni wa mtu mmoja, ukitumika hutupwa. Tumeona wembe ukichovywa katika maji ya moto na kupewa wa pili katika safu. Hatutasema ni wapi. Tunaomba tusione tena.

Kuna kinga ya pili ya kubuni ambayo sisi wahamiaji tunajidanganya nayo, nayo ni karatasi ya ukaazi. Wageni wanaotaka kazi katika nchi za Ghuba hupimwa damu, na aliyekutwa na virusi hapewi ukaazi. Wengi wetu tumekaa katika foleni ile tukisoma Ayatul Kursiy. Kwa ajili hiyo utamsikia mtu akisema, "Mimi nina bataka, mimi ni safi." Karatasi ile inaeleza hali ya damu siku ilipotolewa, tena mwili huchukua wiki kadhaa baada ya kuambukizwa kabla ya kipimo kuonesha. Haielezi likizo ya Juni, wala haimwelezi mke wa pili aliyeko Tanga. Khofu ya kupoteza ukaazi ni khofu ya kweli, na hatumlaumu mwenye kuiogopa. Lakini yule anayekwenda nyumbani kwa likizo anaweza kupima huko huko, kabla ya nikaha na kabla ya kurejea kwa mkewe, na akajua la kufanya.

Kwani kujua siku hizi si hukumu ya kifo. Tulipokuwa vijana, aliyeambiwa ana UKIMWI alikuwa akihesabu miezi. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti wa wanandoa 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, uliokuwa na kura kama ile ya Kisumu, lakini safari hii kura ilikuwa ya dawa. Wenye virusi walioanzishwa dawa mapema walipunguza kuwaambukiza wenzao kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikathibitisha kwamba mtu anayemeza dawa zake mpaka virusi havionekani tena katika kipimo cha damu hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Mwenye kulinganisha na alinganishe: tohara ni nusu au zaidi kidogo, na kwa mume peke yake; dawa inawakinga wote wawili, na mtoto atakayezaliwa.

Wasio na virusi nao wamepata dawa ya kujikinga. Kenya na Uganda zilishiriki katika utafiti wa vidonge vya kila siku kwa wanandoa, uliochapishwa mwaka 2012. Mwaka 2024 Uganda na Afrika ya Kusini zilitoa khabari ya sindano iitwayo lenakapaviri, ambayo hudungwa mara moja kila miezi sita: katika wanawake vijana 2,134 walioipata hakuambukizwa hata mmoja. Tunajua wapo watakaosema kuwa dawa kama hizi zinafungua mlango wa zinaa. Tumelifikiria neno hilo. Lakini tunamfikiria pia mke ambaye mlango haukufunguliwa na yeye.

Ndugu mmoja anayetumia dawa alituuliza kwa siri juu ya Ramadhani. Dawa zinazotolewa kwa wengi sasa ni kidonge kimoja kwa siku, kwa hiyo aghlabu inawezekana kukihamishia futari au daku, saa ile ile kila siku, na asikiache hata siku moja. Amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Akiwa dhaifu, au ana kifua kikuu, maradhi ambayo ndiyo yanayowauwa zaidi wenye virusi, basi dini imempa rukhsa na asione haya kuitumia.

Tulimwendea baba wa kijana baada ya sala ya Isha, tukiwa na hesabu zetu tumeziandika katika karatasi. Alitukaribisha kahawa na halua, akatusikiliza bila ya kutukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Tulipomaliza aliichukua karatasi akaitazama kwa muda. Akauliza, "Hao ishirini na wawili wa Kisumu, mmesema wana umri gani?"

Tukamwambia: miaka 18 hadi 24.

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa dishdasha yake. Kijana anasafiri mwisho wa mwezi huu.